Moshi Tuliolelewa Nao

Enzi zetu kule kwenye laini za majani chai Kericho, zile safu za nyumba za wafanyakazi, jikoni palikuwa mahali patamu kuliko kote, na peusi kama ndani ya chungu. Mvua ya alasiri haikukosa, na baridi yake mnaijua. Basi dirisha linafungwa, mlango unafungwa, kuni mbichi za mkaratusi zinafuka, nasi tumebanana mekoni tukisubiri mahindi ya kuchoma, machozi na vicheko vikitoka pamoja. Ukikohoa, Mama anakuambia, "Inama, moshi unaenda juu!" Tukala mahindi tumelala kifudifudi kama mijusi.

Sinema yetu alikuwa Dani, nyanya yetu mzaa baba. Alivuta sigara kama akina mama wazee wa kwetu ziwani, upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo! Anafumba midomo, anachambua mboga, moshi unamtoka puani polepole. Siku moja kaka yangu Owino akajaribu kwa kikonyo kikavu cha jani la boga. Kikamchoma ulimi, akakimbia laini nzima ulimi nje, akautumbukiza kwenye ndoo ya maziwa ya jirani. Jirani, mama wa Kikipsigis asiye na haraka, akamtazama tu. "Haya, sasa kunywa yote." Tulicheka mpaka tukaanguka matopeni.

Baba naye akitoka kiwandani aliwasha yake, akapuliza miduara ya moshi, tukagombania kuitia vidole.

Mama hakuwahi kuweka sigara mdomoni. Kwa hivyo miaka michache iliyopita, kikohozi kilipomng'ang'ania, tulidhani ni baridi, halafu tukadhani ni kifua kikuu. Vipimo vikakataa. Tukampeleka hospitali kubwa, tukaambiwa ni saratani ya mapafu.

"Mama, unavuta sigara?" daktari akauliza.

"Mimi?" Mama akakaa wima. "Daktari, mimi ndiye naongoza kwaya kanisani!"

Pamoja na hofu yote, tulicheka.

Daktari akatueleza taratibu. Sigara ndiyo inaongoza kuleta ugonjwa huu, lakini moshi wa sigara ya mwenzako nao unaingia kifuani mwako, na moshi wa kuni uliofungiwa jikoni miaka nenda miaka rudi unaongeza hatari. Wengine huugua na sababu isijulikane. "Siwezi kuwaambia ni moshi upi uliompata Mama," akasema.

Baba akaruka. "Mama yangu alivuta mpaka akazeeka, hakuugua mapafu hata siku moja!"

"Mzee, kuna mtu huvuka barabara amefumba macho na akafika ng'ambo. Utamwambia mjukuu wako avuke hivyo?"

Baba akainuka. Akatoka nje, akarudi bila pakiti yake ya sigara.

Mama alipasuliwa, sehemu ya pafu ikatolewa. Bahati yetu, ugonjwa ulikuwa haujasambaa. Kidonda kikiendelea kupona, Baba alipigana na hamu ya sigara kwa peremende za kijiti. Mzee mzima, koti na kofia, ameketi kwenye mkutano wa ukoo na kijiti cha waridi mdomoni! Mama akamsihi, "Baba Owino, ondoka mbele yangu, utanichekesha unikatie nyuzi za kidonda!"

Siku hizi Mama anapika kwa gesi, akilalamika kwamba ugali hauna ladha. Na vijana wa leo, mmewaona? Mpwa wangu alikuja Krismasi na kidude cha kuvuta kinachonukia stroberi.

"Anko, hii si moshi. Ni mvuke tu."

"Leta nione," Mama akasema. Akakipokea, akakitia mfukoni, na hajakirudisha mpaka leo.

Sisi tulivuta moshi bila kujua, tumebanana tukichekana. Wao wana simu inayowaambia kila kitu, na kila mmoja anajificha chooni na stroberi yake. Naukumbuka ule mbanano hadi nautamani, halafu Jumapili inafika. Zamani Mama akianzisha wimbo, alibeba ubeti mzima kwa pumzi moja. Siku hizi sauti inamkatikia katikati. Kanisa zima linanyamaza, linamngoja avute hewa, kisha tunaendelea naye.