Ini Langu na Mgando Ulionichefua

Niliacha shule darasa la tano nikawa mtu wa njiani. Serikali iliporuhusu biashara huria nilichoma mkaa Manyoni, nikapakia alizeti Kondoa, mwisho nikauza mitumba Dodoma mjini. Kila nilipolala palikuwa na gongo, pombe kali ya kienyeji, nami sikukataa.

Ugonjwa ulianza kwa harufu. Vitunguu vikikaangwa kwa jirani, mimi natapika nyongo. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea, choo kikapauka kama majivu. Ngozi iliniwasha nikajikuna hadi kutoka damu. Upande wa kulia wa tumbo ulivimba, na jasho langu lilinuka hata nikalikimbia shuka langu mwenyewe.

Nilikwenda Mvumi kwa mama mkubwa. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Macho gani hayo, kama kiini cha yai! Twende hospitali kabla hujanifia hapa."

Daktari alinibonyeza chini ya mbavu. "Ini limevimba kwa pombe. Ukinywa tena usije kwangu, nenda kwa seremala akupime."

Chakula hakikupita. Mama mkubwa akaleta kibuyu cha mgando, maziwa yaliyoganda: mabonge yanayoteleza kama makamasi, yananuka moshi na kwapa. Kwa hofu ya kipindupindu aliuchemsha kwanza. Ukakatika, ukawa maji ya kijani na vipande kama mpira. Nikamtapikia miguuni.

Niliporudi hospitali nikamsimulia daktari tulivyouchemsha, nikauliza, huo mgando una nini hasa?

"Una vijidudu wazuri," daktari alisema. "Wakikaa tumboni, huenda wanawazuia wabaya wasipenye kwenda kulichokoza ini. Bado tunachunguza. Ila nyie mmewachemsha, mmewaua! Chemsheni maziwa mabichi, yapoe, ndipo mtie mgando kidogo yalale."

"Yaani ninywe wadudu hai?"

"Na gongo lako lilikuwa safi?"

Niliunywa mgando wa hivyo kila siku nimeziba pua, bila tone la pombe. Njano ikatoka machoni polepole. Siku choo kiliporudi rangi yake nilikichungulia nikashangilia, mama mkubwa akadhani nimerukwa na akili.

Sijui mgando ulisaidia kiasi gani. Daktari anaapa kwamba ni kuacha pombe kulikoniponya. Namshukuru Mungu, na mama mkubwa aliyefua matapishi yangu bila kuziba pua. Wewe unayetapika asubuhi ukasingizia malaria, shika kioo, vuta kope chini, utazame. Ukiona njano, nenda hospitali leo.