Nilinyamaza kwa Jina la Atieno

Mhariri, naomba ufiche jina langu. Wasomaji, nitukaneni mkitaka, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Nina miaka ishirini na sita, sijaolewa. Naishi Kibera chumba kimoja na rafiki yangu, nimwite Atieno. Tunafanya kazi ofisi moja mjini, tunaingiza barua za wateja kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ni moja, kubwa, imefungiwa chumba chake. Sisi tuna skrini na vibonye tu, kila mtu na jina lake na neno lake la siri. Ukitaka kumwambia mwenzako jambo, unaandika jina lake na ujumbe, nao unatokea papo hapo kwenye skrini yake. Lakini lazima awe ameingia. Kama hajaingia, hauendi.

Msimamizi wetu haangalii viti. Saa mbili asubuhi anaangalia orodha ya walioingia, basi. Kwa hivyo sisi wasichana tunabebana: mwenzako akichelewa, unamwingiza wewe. Neno la siri la Atieno nalijua kama jina la mamangu.

Sasa kuna Barasa wa stoo, orofa ya chini, anakaa Kawangware. Mpole mpaka anakera. Mdomoni hasemi kitu, lakini akiandika! Mwaka mzima alikuwa akimwandikia Atieno kwenye skrini, na Atieno ananisomea kila neno.

Asubuhi moja mvua ilinyesha, Atieno akarudi nyumbani kubadilisha viatu. Nikamwingiza. Kabla sijaondoka kwenye kiti chake, ujumbe ukatokea: "Atieno, wajomba wangu wako hapa mpaka Jumapili. Niwalete kwa kaka yako kuposa? Ukisema ndiyo, tunakuja. Ukinyamaza nitajua hunitaki, na sitakusumbua tena."

Ningeandika "ngoja". Neno moja tu. Badala yake nilibonyeza kufuta, skrini ikawa safi. Atieno alipofika, amelowa chapachapa, akauliza, "Kuna mtu amenitafuta?"

"Nani akutafute asubuhi yote hii?" nikamjibu.

Mnataka kujua kwa nini. Kwa sababu nilimpenda Barasa mimi, na nilichoka kusomewa maneno yake. Haya, nimesema. Na sikumpata, hata salamu yangu huwa haisikii.

Atieno akimwandikia, hajibiwi. Akamfuata mpaka Kawangware. Barasa akamwambia pale mlangoni, "Ulishanijibu, Atieno. Tusiaibishane." Atieno alirudi akakaa kitandani na viatu vyake. "Mimi nilimjibu nini, dada? Nilimkosea wapi?" Nikamshika, tukalia sote, na machozi yangu yalikuwa ya kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nalala kitanda kimoja naye.

Wale wajomba wamemletea Barasa msichana kutoka nyumbani. Harusi ni mwezi ujao, imeshatangazwa kanisani. Nikisema, tutafukuzwa kazi sote wawili kwa lile neno la siri, Atieno akiwa hana kosa, na yule msichana ataaibika bure. Nikinyamaza, Atieno ataendelea kukonda akijilaumu.

Jana aliniomba twende Soko la Toi tumchagulie gauni. Anataka kwenda harusini. "Labda nikimwona pale mbele moyo utakubali," akasema. "Utakaa kando yangu, sivyo? Sina mwingine wa kunishika."

Nimemwambia nitakaa. Nishaurini, jamani, nifanye nini?