Karai Lililosuguliwa

Lianxiu alipoingia jikoni kwa baba yake, alimkuta wifi yake Cuifang amekwisha kujifunga aproni, kama mtu anayengojea vita. Ilikuwa siku ya kuondoa tanga la mama, miaka mitatu tangu azikwe, na meza ilishaandaliwa mbele ya picha yake. Lianxiu alitaka kitu kimoja tu: bakuli la nyama ya nguruwe kwa pilipili mbichi, kama alilokuwa akilipika mama, aliweke pale kwa mkono wake mwenyewe.

Cuifang hakutaka hata kusikia. Mke wa kaka ndiye mwenye jiko, alisema, na binti aliyeolewa ni mgeni; mgeni hukaa sebuleni akaletewa chai.

"Mgeni gani, nami nimezaliwa chumba hicho hapo nyuma," Lianxiu akamjibu. "Wewe ndiye uliyekuja na godoro kichwani."

"Sawa, nilikuja na godoro. Na miaka yote hii babako amefuliwa na nani, wifi? Na godoro?"

Hapo chuki ikamzidi Lianxiu. Baba yake, Mzee Tan, aliyewasikia kutoka uani, akaamua kwamba binti apike hicho chakula kimoja, kisha wote wawili wafunge midomo. Cuifang akacheka kwa pua, akamsukumia karai.

Lianxiu alipolitazama, damu ilimpanda. Karai la chuma la mama, lililokuwa jeusi tii tangu yeye hajaota meno, sasa liling'aa kama sinia la dukani. Cuifang, aliyekulia kwenye masufuria ya mjini, alikuwa amelisugua kwa waya hadi ule weusi wote ukatoka, eti wageni wasiseme nyumba ina uchafu. Na weusi ule ulikuwa mafuta ya miaka na miaka, ndiyo yaliyokuwa yakizuia chakula kushika.

Ubani ulikuwa unawaka mezani, na chakula sharti kifike kabla haujaisha. Lianxiu alianza na pilipili. Alizichoma kwenye karai kavu, bila tone la mafuta, akizikandamiza kwa mwiko hadi ngozi ikababuka. Hizo zilitoka salama. Nyama ikagoma. Iling'ang'ania chuma, ikaungua, na moshi ukawakohoza majirani waliokuja kuhani. Cuifang akasimama mlangoni, mikono kifuani, akauliza kwa sauti ya kufika uani kama huo ndio utamu wa utotoni anaowapigia kelele kila mwaka.

Nyama yote ikaishia kwenye ndoo ya taka. Kilichobaki ni pilipili na kipande cha ngozi ya nguruwe chenye mafuta. Akiwa amekishika ndipo alipouona msumari ukutani. Enzi za shida mama alining'iniza hapo kipande kama hicho. Kila jioni alipaka nacho karai, kisha akakirudisha msumarini, nao watoto walikula pilipili na wali wakiapa kwamba wameonja nyama.

Akaweka karai motoni hadi likafuka moshi, akalisugua kwa ile ngozi mpaka chuma kikaanza kupiga weusi. Akatia vitunguu saumu, maharage meusi yaliyochachushwa, chumvi, na pilipili zake.

"Pilipili tupu," Cuifang alisema bakuli lilipofika mezani. "Mama mkwe katoka huko aliko aje kulishwa pilipili tupu."

Mzee Tan aliinama akanusa. Akamsogeza kando kuku aliyepikwa na Cuifang, akaliweka bakuli karibu kabisa na picha.

"Ndicho alichokuwa akitupikia," alisema. "Kuku tulikuwa tunamwona kwa jirani."

Wakala kwa kununiana hadi wageni wakaondoka. Lianxiu alirudi jikoni, akaitundika ngozi kwenye msumari, kisha akavaa viatu.

"Wifi, ukilisugua tena hilo karai nakuja kulibeba."

"Njoo," Cuifang alisema bila kugeuka. "Ila ukija, uje ufue na nguo za babako."