Tuta la Panya Buku

Mama yangu, mkulima wa Mlali, aliwachukia panya buku kwa sababu walimmalizia karanga shambani. Mimi nikaajiriwa mjini kuwafundisha haohao kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kila aliyepatia nilimtuza karanga.

"Unamlisha mwizi wangu?" mama alifoka, jembe mkononi.

Nikamweleza kwamba kulikopita vita mabomu hayo bado yanawakata miguu wakulima, na panya ni mwepesi, akiyakanyaga hayalipuki.

Mama akalishusha jembe kwa nguvu, akatazama lilipozama. "Alhamdulillahi," akasema. "Udongo wetu una mawe tu."

Tulipovuna, aliacha tuta moja pembeni bila kuligusa. Nikamkumbusha.

"Liache," akasema. "Hilo la wafanyakazi wenzako."