Kidonge cha Siku ya Munganga

Mama yangu alikunywa dawa ya tansio, ile presha ya damu inayotaka kidonge kila siku, mara moja kwa mwezi: asubuhi ya kwenda kwa munganga wa hospitali. Alioga, akavaa kitenge cha kanisa, akameza kidonge, akaenda. Wamama wengi wa mtaa wetu hapa Kamina walifanya vile. Ilikuwa heshima. Huendi mbele ya munganga na miguu yenye matope, basi huendi pia na tansio mubaya. Tena ilikuwa vita. Gari la moshi lilikuja likipenda, maaskari walipita kuelekea Kabongo, na dawa ikawa kitu cha kuficha kama chumvi. Nani atameza dawa siku ambayo kichwa hakimuumi?

Mimi sikujua. Nilikuwa kwa bwana yangu, karibu na Base, kambi ya maaskari, na mimba kubwa. Mama alipokuja kunisalimia alijisifu tu. Munganga alimfunga mpira mkononi, akaujaza upepo, akamwambia: "Iko muzuri sana, mama. Endelea vile vile."

Mama akaendelea vile vile.

Mtoto alipozaliwa, mama alisema yeye mwenyewe ndiye atamubeba siku ya ubatizo, mtu mwingine asisogee. Nguo alikuwa amekwisha kushona. Juma lile lile la ubatizo akaanguka jikoni. Mkono wa kuume ukafa, kinywa kikapinda. Nilimlaza mtoto juu ya kifua chake. Akamtafuta kwa mkono wa kushoto, akapata mguu, akaushika.

Nikamuuliza mama mdogo, aliyekaa naye nyumba moja, kama dawa ilikuwa imeisha. Akanishangaa.

"Itaisha namna gani? Alikuwa anakunywa siku ya munganga. Sisi wote tuko vile."

Siku ya ubatizo tulikuwa makaburini.

Baada ya matanga nikaenda kwa munganga, mtoto mgongoni. Sikungoja zamu. Akanipa pole, akasema hata yeye haelewi, maana kila mara tansio ilikuwa muzuri.

"Ilikuwa muzuri kwa siku yako," nikamwambia. "Siku zake zingine, haukumuulizaka hata moja."

Hakunikaripia. Hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu nilikuja kugombana. Alitoka mpaka kwenye benchi la wagonjwa, akainama mbele ya mama wa kwanza, mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, akamuuliza polepole:

"Mama, ile dawa ya tansio, jana ulikunywa?"

"Jana?" yule mama akasema. "Jana nilikuja kwako, baba?"

Benchi lote likacheka. Munganga hakucheka. Akavuta kiti, akaketi palepale nje, akamgeukia wa pili, akamuuliza vile vile.

Nikakaza kitenge, mtoto alikuwa anateleza. Mama yangu angekuwa kwenye benchi lile, angecheka kuwapita wote.