Dalali Aliyeacha Vidonge Ili Sauti Irudi

Jua la saa nne limeshawaka kwenye mnada wa ng'ombe nje kidogo ya Buhongwa. Madume yanalia, wachuuzi wanabishana, na dalali kijana anaita bei kwa kipaza sauti cha betri. Pembeni kabisa, akiwa ameipa mgongo kelele hiyo, Mayala Shimba anasokota kamba za katani za kufungia mifugo. Masikio yote mawili ameyaziba kwa pamba.

Mteja akiuliza bei, humwonyesha vidole.

"Mimi ndiye nilikuwa naita bei hapa," anasema Mayala, mwenye umri wa miaka 48. "Nikipaza sauti, hata waliokuwa barabarani walisimama."

Mwaka 1994 mkewe, Tereza, alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto naye hakupona. Mayala akaacha kula, akaacha kuoga, akawa wa kulala tu akitazama ukuta. Dada yake, Malimi, alimpeleka hospitali moja ya mjini. Wakaambiwa ni sonona, akapewa vidonge.

Baada ya wiki kadhaa alirudi mnadani. "Nilianza tena kuona ladha ya ugali," anakumbuka.

Lakini vidonge vilimkausha mdomo. Ulimi ulimnata katikati ya kuita bei. Na hiyo ndiyo miaka ambayo biashara ya mifugo ilifunguliwa kwa watu binafsi, wanunuzi wakamiminika kutoka kila upande, na kila mwenye ng'ombe akataka dalali mwenye koo. Watu walianza kumcheka.

Asubuhi moja alivimwaga vidonge vyote chooni. Malimi alimkuta anatoka huko na kopo tupu.

"Kaka, umemuuliza daktari?"

"Nimuulize nini? Mtu aliyepona anameza dawa ya nini?"

Kwa siku chache sauti ilirudi kweli. Kisha akaanza kutapika na kutokwa jasho. Usingizi ukapotea. Akigeuza macho tu, kitu kilimpiga kichwani kama shoti ya umeme. Alidhani ni malaria, akanywa klorokwini, isisaidie.

Hasira nazo zikaja. Mnunuzi mmoja alipomtania, Mayala alimzaba kofi mbele ya mnada mzima. Hakuitwa tena kuuza.

Shoti zilipungua baada ya miezi. Mvumo ulioanza masikioni siku zile haukuisha, wala machozi yanayomtoka bila sababu. Hadi leo, mwaka 1998, haingii mnadani bila kuziba masikio.

Wilhelmina Rutashobya, muuguzi mstaafu anayeishi Igogo, ndiye aliyempa vidonge vile kwenye dirisha la dawa la hospitali.

"Nilimweleza namna ya kumeza. Sikumweleza namna ya kuacha," anasema. "Vile hupunguzwa kidogo kidogo, mgonjwa akiangaliwa. Foleni ilikuwa ndefu, lakini lile lilikuwa neno la dakika moja."

Anasema wengi hutulia baada ya wiki chache, ila wapo wanaochukua muda mrefu. Kwa Mayala, hawezi kusema lipi limetokana na kuacha ghafla na lipi ni sonona ile ile iliyorudi. "Ningekuwa najua, ningemwambia."

Jambo linalomuumiza Mayala kuliko kazi aliyoipoteza ni harusi ya binti yake, Hellen, mwaka jana. Ngoma zilipoanza, alihisi kichwa kinapasuka. Akasimama.

"Baba, unakwenda wapi?" Hellen alimuuliza.

Mayala alipita katikati ya wageni. Alitembea hadi nyumbani akajifungia. Baba mdogo wa Hellen ndiye aliyesimama mahali pake kumkabidhi bibi harusi kwa wakwe.

"Mwanangu anaamini sikumtaka mume wake," anasema Mayala, kamba ikiwa imetulia mapajani. "Nilimwacha aamini hivyo. Niliona heri anione mkorofi kuliko aseme baba yake ni mwendawazimu."

Sasa Hellen amejifungua mtoto wa kike huko Magu, na Mayala hajamwona mjukuu. Malimi ameahidi kumsindikiza mvua zikikatika. Amekwishapeleka habari kwa Hellen kwamba wanakuja.

"Nitamweleza yote, tangu siku ile ya chooni," anasema. "Akinifukuza, ni haki yake. Lakini Malimi anasema mtoto wamempa jina la marehemu mke wangu, Tereza. Nataka nilitamke jina hilo mbele ya mtu anayeliitikia."