Kifuniko cha Mtungi wa Dizeli

Nakumbuka asubuhi moja ya Alhamisi, mwanangu, injini iliponifia katikati ya uwanja wa shule. Jana uliponipigia simu kutoka Embu, ukasema mashine yako ya kukata nyasi inaishiwa nguvu na filta umeshabadilisha, hukujua umenirudisha wapi. Jibu lako limo ndani ya aibu yangu, na aibu ya mtu haisimuliwi mbio mbio. Basi tulia.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mfanyakazi mpya katika shule ya bweni pale Kaaga. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kukalishwa kwenye ile mashine ya dizeli, ile unayoiendesha kama trekta ndogo huku visu vikizunguka chini yako. Wanaume wa fyekeo walicheka wakashika mbavu. Aliyenitetea alikuwa mmoja tu, Mzee M'Rimberia wa Githongo, fundi wa shule na mshika funguo za stoo ya dizeli. Alikuwa mzee wa kanisa, na ilibaki miezi mitano tu astaafu.

Alhamisi hiyo, wazazi walikuwa wanakuja kesho yake, na mvua ilikuwa imepandisha nyasi hadi magotini. Kila nikikata mistari miwili, mashine inalegea, inakufa. Nikiiacha ipumzike inawaka vizuri kabisa, kisha mistari miwili tena, kimya. Mzee akabadilisha filta. Akatoa hewa kwenye bomba la mafuta. Akalegeza kifuniko cha tangi, maana tangi lisipopumua mafuta hayashuki. Wapi!

Mwalimu mkuu akaja kwa hatua za hasira.

"Mzee, hii dizeli umetia maji?"

"Sijatia kitu, mwalimu."

"Stoo ni yako, funguo ni zako. Unauza dizeli yetu halafu unajaza na maji? Saa sita ikifika kama hii field haijakatwa, hizo funguo nazitaka, na uende nyumbani. Mimi siwezi kaa na mwizi."

Mwizi! Mzee aliyesimama kila Jumapili mbele ya watu wa Githongo. Aliinama, akaokota spana. Nami nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kuogopa.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimepoteza kifuniko cha mtungi wa dizeli. Ungetarajia niseme. Niseme ili wale wa fyekeo wapate la kucheka? Nilichuma jani kavu la mgomba, nikalisokota, nikaziba mdomo wa mtungi jinsi mama alivyoziba kibuyu chake cha uji. Kwetu nani hajaziba kitu kwa jani la mgomba? Kila asubuhi nililichomoa, nikamimina dizeli tangini, nikalirudisha. Lilikuwa likipungua kidogo kidogo, nami sikujiuliza linapungukia wapi, mpaka asubuhi hiyo.

"Hakuna moshi mweusi, Karimi," Mzee akaniambia. "Ingekuwa inakosa hewa, ingetoa moshi mweusi. Hii iko na njaa. Mafuta haifiki."

Akachomoa bomba chini ya tangi. Dizeli ikatoka kwa nguvu, ikapungua, ikawa matone. Akapuliza kwa mdomo kuelekea tangini, ikatoka tena kwa nguvu. Akaimwaga yote kupitia kitambaa, na pale kitambaani vikabaki vipande vya jani, vyeusi, vimelowa. Mashine ikifanya kazi, mafuta yalivivuta hadi kwenye tundu la bomba vikaliziba. Ikipumzika, viliachia.

Mzee alikitazama kipande kimoja. Akautazama mtungi wangu. Akanitazama mimi, akangoja.

Sikusema, mwanangu. Nilikuwa na muda wa kusema na sikusema. Saa sita mwalimu mkuu akafika, akanyoosha mkono. "Funguo." Mzee akazitoa mfukoni, akamwekea kiganjani. Niliposikia zikilia mkononi mwa yule mtu, ndipo nikaangua kilio na kusema yote.

Funguo zilirudishwa bila msamaha kuombwa, wakubwa wengine ndivyo walivyo. Mimi nilishushwa kwenye mashine, nikapewa fyekeo muhula mzima. Wanaume walicheka, naam, na sikufa. Mzee mwenyewe ndiye aliyemaliza uwanja.

Jioni aliniita stoo. Ukutani, kwenye msumari, vilining'inia vifuniko vitatu vya mtungi.

"Hivi vilikuwa hapa siku zote, mwari. Ungeniuliza."

"Niliogopa kuchekwa, Mzee."

"Ukaogopa kicheko, ukanipa mimi jina la mwizi nibebe."

Alinipa kifuniko kimoja akafunga mlango. Hakulitaja jambo lile tena, na afadhali angenichapa.

Sasa sikiliza. Mashine inayokufa kazini na kufufuka ikipumzika, anzia tangini. Fungua bomba la chini uone mafuta yanashuka vipi kabla hujalaumu pampu au mwenye kituo cha mafuta. Chuja unachomimina. Lakini kabla ya spana, iulize mikono yako imefanya nini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba mara nyingine kifo humruka yeye kikaanza na jirani. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajaulizwa.

Jana nilikuuliza mafuta unayamimina kwa chombo gani, ukanyamaza kidogo. Mimi ni mzee, si kiziwi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe dizeli safi na mkono mwepesi, akuzungushie watu wa kukutetea kama nilivyopata mimi. Na siku utakapopoteza kifuniko, akufungue mdomo mapema, funguo za mwenzako zikiwa bado mfukoni mwake.